Jazz ni sauti ya mtu, mi naona hivyo

Nikiweka jazz mbele ya watu lazima mmoja aulize, sasa hii jazz ni nini haswa, na mi kila mara najikanyaga. Nikisema ni muziki wa kutunga papo hapo naambiwa mbona marapa wanapiga fristaili, mbona wapiga sitar wa India wanakaa saa nzima wanatunga pale pale. Haya, basi ni swingi, yaani ule mdundo unaojivuta kidogo halafu unasukuma mpaka mguu unagonga wenyewe, lakini iko jazz kibao haina swingi hata chembe. Zile noti za bluzi zinazopindapinda, ambazo kwenye piano huzipati kwa sababu ziko katikati ya vibonye? Hizo zimejaa kwenye bluzi yenyewe na injili na rock. Historia nayo inachanganya tu, muziki umezaliwa na Wamarekani weusi kule New Orleans, halafu rekodi ya kwanza inayotoka 1917 ni ya bendi ya wazungu watupu, tena jina lenyewe wameandika "Jass".

Siku hizi nina jibu moja, na wataalamu mnisamehe. Jazz ni ule muziki ambao kama huna sauti yako mwenyewe unaonekana bado hujafika. Kwenye okestra ya klasiki wapiga violini 16 wanatakiwa wasikike kama mtu mmoja, mmoja akichomoza amekosea. Kwenye jazz kuchomoza ndo kazi yenyewe.

Duke Ellington, mtunzi na kiongozi wa bendi, alilielewa hili kuliko wote. Hakuwa anaandikia ala, alikuwa anaandikia watu. Sehemu ya saksafoni ya baritoni ilikuwa ya Harry Carney, basi, jamaa aliingia kwenye bendi 1927 na akabaki humo mpaka Duke anafariki 1974. Na Cootie Williams, yule wa kuziba mdomo wa tarumbeta na kile kipira cha kuzibulia sinki, tarumbeta inanguruma kama mtu anagombana, Duke akamtungia wimbo mzima, "Concerto for Cootie", 1940. Mwaka huo huo Cootie akahamia bendi nyingine, ya Benny Goodman hahaha.

Kama unataka kujipima masikio tafuta "So What" kwenye ile albamu ya Miles Davis ya 1959, Kind of Blue. Uzuri wake ni kwamba wote wanapitia njia ile ile, skeli mbili tu, yaani ngazi mbili za noti, kwa hiyo huna cha kusingizia, tofauti unayoisikia ni ya watu. Anaanza Miles na tarumbeta, noti chache, nyoofu, hazitetemi mwishoni, na pale anaponyamaza napo ni sehemu ya solo, yaani zamu yake ya kupiga mbele ya wenzake. Anakuja John Coltrane na saksafoni ya teno, sauti ngumu kama chuma, anachimba sehemu moja kwa pembe zote kama mtu kapoteza funguo na ana haraka. Halafu Cannonball Adderley na saksafoni ya alto, hapo unasikia mtu ameshiba, ana furaha, bluzi inamtoka hata pasipo na bluzi. Halafu Bill Evans kwenye piano anaweka kodi, yaani noti kadhaa kwa mpigo, kama anaogopa kuamsha mtoto. Sikiliza mara tatu nne hivi, ya tano utawajua hata wakichanganywa na wengine.

Na usidhani siri iko kwenye vyombo. Mwaka 1953 Charlie Parker alipanda jukwaani Toronto, pale Massey Hall, na saksafoni ya alto ya plastiki, plastiki kabisa jamani, yupo Dizzy Gillespie kwenye tarumbeta, yupo Bud Powell kwenye piano, Mingus kwenye besi na Max Roach kwenye dramu, rekodi ipo, sikiliza mwenyewe kama kuna sehemu hata moja utasema huyu sio Parker. Thelonious Monk naye alikuwa anabonyeza piano na vidole vimenyooka, mwalimu yeyote angemkataza, lakini kibonye kimoja tu unajua ni Monk.

Ila stori ninayoipenda ni ya Lester Young, mpiga saksafoni ya teno. Mwaka 1934 Coleman Hawkins, ndo mfalme wa teno wakati huo, sauti nene imejaa hewa na mtetemo, anaiacha bendi ya Fletcher Henderson anaenda Ulaya. Henderson anamchukua Lester azibe pengo. Lester sauti yake nyepesi, laini, inaelea juu ya mdundo, wenzake kwenye bendi wakaja juu, huyu mbona hasikiki kama Hawkins. Mke wa Henderson ikabidi aingilie, anamwekea Lester sahani za santuri za Hawkins ili ajifunze kupiga kama yeye. Fikiria uko ugenini, unaamka asubuhi unawekewa sahani za mtu uliyemrithi! Lester alivumilia miezi michache, akaondoka, lakini kabla hajaondoka aliomba barua ya kuthibitisha kwamba hajafukuzwa.

1936 yuko kwenye bendi ya Count Basie, anapiga vile vile alivyokuwa anakataliwa, na sasa vijana wanamsikiliza yeye. Mwimbaji Billie Holiday akambatiza Pres, kifupi cha president, yaani rais. Baadaye waigaji wake walijaa kila kona, mmoja, Paul Quinichette, alifanana naye sauti mpaka watu wakampa jina la Vice Pres. Makamu wa rais, bwana.