Timna: Nguzo za Sulemani, mashimo ya shaba na maskani ya jangwani

Bonde la Timna liko kama kilomita 25 kaskazini mwa Eilat, kusini kabisa mwa Israeli, kando ya Barabara ya 90. Nenda na gari. Basi litakushusha njia panda, na kutoka hapo hadi lango la hifadhi, kisha kutoka kivutio kimoja hadi kingine, ni kilomita kadhaa za jua bila kivuli. Tangu Ijumaa alasiri hadi Jumamosi jioni, kwa sababu ya Sabato, hata hayo mabasi huadimika.

Fika lango linapofunguliwa uanze na Matao, yaani miamba iliyotobolewa na maumbile ikawa kama milango, maana njia yake ndiyo inayochosha. Kuna mahali unashika vyuma vilivyopigiliwa mwambani ili kupanda au kushuka, na mahali unainama kupita kwenye mapito ya wachimbaji wa kale. Ndala hazifai kabisa: jiwe la mchanga humomonyoka chembe chembe chini ya unyayo, na chembe hizo ndizo zinazotelezesha. Beba maji lita 3 kwa kila mtu kwa nusu siku, na wakati wa kiangazi, joto linapopita nyuzi 40, usithubutu kupanda mchana.

Uyoga ni jabali ambalo shina lake laini limeliwa na upepo na maji huku kichwa kigumu kikibaki. Wengi hupiga picha wakaondoka, nasi tunaona wanapoteza. Tazama chini: vipande vyeusi, vizito, vyenye mikunjo kama uji ulioganda, ni mavi ya shaba, yaani uchafu uliobaki shaba ilipoyeyushwa. Mawe ya kijani yenye shaba yalipondwa, yakachanganywa na mawe ya chuma au manganisi ili uchafu uyeyuke na kutiririka, yakachomwa kwa mkaa wa mgunga huku mivukuto ikisukuma hewa kupitia mirija ya udongo. Joto lilihitaji kufika karibu nyuzi 1,200. Likipungua, uchafu huwa mzito na matone ya shaba hunasa humo. Kipande chenye madoa ya kijani kinaonyesha shaba iliyonasa. Kiache hapo hapo. Kuokota ni marufuku.

Nguzo za Sulemani hakuzichonga Sulemani wala mtu yeyote. Maji yalipenya nyufa za wima kwenye jabali jekundu, yakazipanua mpaka likagawanyika. Habari kwamba mfalme Sulemani alichimba shaba hapa zilivuma kupitia mwanaakiolojia Nelson Glueck miaka ya 1930. Mwaka 1969 mwanaakiolojia Beno Rothenberg akafukua chini ya nguzo hizo hekalu dogo la Hathor, mungu wa kike wa Misri, na kwa kuwa lilionyesha Wamisri walichimba hapa kabla ya Sulemani, wasomi wengi wakamwondoa kwenye hesabu. Kisha mwaka 2013 Erez Ben-Yosef wa Chuo Kikuu cha Tel Aviv na wenzake wakapima umri wa mbegu za tende kutoka Kilima cha Watumwa, kambi ya kuyeyushia shaba humo bondeni: karne ya 10 KK, enzi za Daudi na Sulemani. Wachimbaji, yaelekea, walikuwa Waedomu, watu wa nchi jirani na Israeli ya kale. Kwa hiyo anayekuambia "haya ni machimbo ya Sulemani" na anayekucheka kwa kuamini hivyo, wote wamekwenda haraka mno.

Hekaluni humo alipatikana nyoka wa shaba mwenye kichwa kilichopakwa dhahabu. Soma Hesabu 21:8-9 ukiwa hapo, ila usiseme ndiye yule nyoka wa shaba aliyetengenezwa na Musa.

Maskani, yaani hema la ibada la Waisraeli walipokuwa jangwani, yaache mwisho. Ni mfano wa ukubwa kamili, na ua wake kwa mujibu wa Kutoka 27 ni dhiraa 100 kwa 50. Uliza langoni zamu ya mwongozaji ni saa ngapi, usije ukaishia kuchungulia nje. Vifaa si dhahabu halisi, lakini ukisoma Kutoka 25 hadi 27 kabla ya kufika, utajua kila chombo kimewekwa wapi na kwa nini.

Majira ya baridi angalia utabiri wa milima ya jirani pia, si wa Timna peke yake. Mvua ikinyesha mbali, mafuriko hushuka korongoni chini ya anga jeupe. Usiegeshe gari wala kupumzika kwenye mkondo mkavu.