Toronto mpaka Mikindani, saa 43

Binamu yangu aliniuliza juzi, "Hivi huko kwenu na Mtwara ni mbali kiasi gani?" (Kwenu! Mimi kwetu Mikindani, hukohuko Mtwara, ila nilimwacha.) Nikaandika majina ya viwanja viwili kwenye simu, jibu likaja: kilomita elfu 13 na ushee. Simu inapiga mstari mmoja tu, utadhani kuna ndege inaondoka Toronto inatua Mtwara.

Desemba nilitoka nyumbani Jumatatu saa moja asubuhi, theluji vifundoni. Ndege ikaruka saa tano. Mpaka Addis Ababa ni saa 13 hivi bila kutua, na tukashuka Jumanne saa mbili asubuhi, maana majira hayo Addis, sawa na kwetu Tanzania, iko mbele ya Toronto kwa saa nane. Mama hesabu hii haimwingii. "Mwanangu, umekaa angani saa 13 au 21?" Kumi na tatu, mama, hizo nane zimeliwa na jua.

Kurudi ndiyo kazi. Kiwanja cha Addis kiko zaidi ya mita 2,300 juu ya bahari, hewa nyepesi, na ndege iliyoshiba watu na mizigo haiwezi kupaa ikiwa na mafuta ya kuifikisha Kanada. Inabidi tutue Ulaya kuongeza, wa kuendelea tumebaki vitini, miguu imevimba kama mihogo. Halafu upepo wa juu kule unavuma kutoka magharibi, unatupinga sehemu kubwa ya njia.

Addis hadi Dar, chini ya saa tatu. Nikalala Dar. Jumatano asubuhi nikapanda ndege ya mapangaboi hadi Mtwara, kilomita 400, saa moja tu, jirani yangu amepakata boksi la keki ya harusi kama mtoto mchanga.

Tiketi ilisema tunatua 08:20. Mdogo wangu akasoma saa nane na dakika ishirini, mchana. Nikakaa juu ya begi nje ya kiwanja hadi nikachoka, nikachukua bajaji. Saa nne niko mlangoni, yeye anatoka bafuni na taulo. "Shikamoo dada! Ndiyo nilikuwa najiandaa kuja kukupokea."

Jioni, tunamenya ming'oko, nikawapigia hesabu: saa 43, mlango kwa mlango. Nilitegemea pole. Baba akacheka mpaka akakohoa. Mwaka 1998, baada ya zile mvua za El Niño, alitoka Dar na basi akalala njiani siku nne, mbili kati ya hizo kwenye foleni ya pantoni pale Rufiji, kabla Daraja la Mkapa halijafunguliwa 2003. Wakila maembe mabichi na chumvi.

"Na mimi nilitokea Kariakoo," akasema. "Wewe umetoka hapo jirani."