Padri, mbwa na fundi wa vitambaa

Mimi ni mtu wa kusikiliza mawaidha, nna memori kadi nzima imejaa darsa za Ramadhani, na kinachoniudhi ni huu mtindo wa siku hizi wa kukatakata. Wanakurushia dakika mbili kwenye grupu, kaswida inapita chini kwa chini, maalim kasema maneno matatu mazito, basi imekwisha. Kikohozi kimekatwa, watoto wanaokimbizana nyuma wamekatwa, hata pale maalim aliposimama kumgombeza mtu alieacha simu inalia pamekatwa. Sasa ndo nataka niwape kisa cha padri mmoja wa Italia, najua mtasema huyu keshahamia kanisani, Minara Miwili ya Unguja, nyie someni tu.

Jina lake Bernardino wa Siena. Kazaliwa 1380 Massa Marittima, kafiwa na wazazi wote bado mdogo akalelewa na jamaa zake. Tauni ilipoingia Siena mwaka 1400 yeye kijana wa miaka 20 akakusanya wenzake wakaingia hospitali ya Santa Maria della Scala kuuguza watu, wakati ambao mwenye akili zake alikua anakimbia mji. 1402 akaingia utawa wa Kifransisko, akashikamana na wale waliotaka kuishi ufukara kikwelikweli, na maisha yake yaliyobaki karibu yote kayamaliza barabarani, mji huu mji ule, anahubiri, na kanisa lisipotosha watu wanatoka nje uwanjani.

1427 akarudi kuhubiri kwao Siena. Ni uwanja wa Campo, kuanzia katikati ya Agosti mpaka Oktoba, khutba 45, alfajiri kabla watu hawajenda makazini. Mchoraji Sano di Pietro wa huko huko Siena kamchora akihubiri hapo, na picha yenyewe ukiitazama utacheka, maana pazia limepigwa katikati, wanaume upande wao, wanawake upande wao, wote magoti chini wanamtazama yeye juu ya mimbari. Nlipomuonesha bibi kwenye simu akaniuliza maulidi ya wapi hayo.

Basi katika umati ule alikuwemo fundi mmoja anaitwa Benedetto, kazi yake ni kupunguza manyoya ya vitambaa vya sufu kwa mkasi mpaka visawazike, ana mke, ana watoto na mali haba. Huyu kila alfajiri anakuja na vibao vilivyopakwa nta na kijiti cha kuchorea, anaandika kila neno linalotoka mdomoni mwa padri, halafu mbio mpaka dukani kwake, na kabla hajagusa kitambaa cha mtu anayahamisha yote kwenye karatasi, yaani khutba moja kaiandika mara mbili siku ile ile, na khutba za yule bwana zilikua ndefu haswa.

Na hakukata kitu wallahi. Bernardino yumo ndani ya maneno makubwa makubwa, ghafla anawageukia wachuuzi pale kwenye chemchemi ya uwanjani, nyie mnaofanya soko hapo nendeni mkalifanye kwengine! Benedetto kaandika. Mbwa kaingia kati ya watu, mfukuzeni huyo mbwa, kaandika. Wanawake wamesinzia wanagombezwa, kaandika. Padri kaiga chura anavolia, basi na mlio wa chura nao umo kwenye karatasi. Ukisoma unausikia uwanja mzima. Bernardino mwenyewe alitunga na khutba nyengine kwa Kilatini, zimepangwa vifungu kwa vifungu ili wahubiri wenziwe wazitumie, na humo hamna mbwa wala chura. Nnavoona mimi mtu mwenyewe yumo kwenye zile za fundi.

Alikua anahubiri nini? Riba, kamari, nguo za mikia mirefu, na zaidi fitina za vyama. Miji ya Italia wakati ule ilikua na Guelfi na Ghibellini, mtu na jirani yake hawasalimiani kwa ajili ya chama (sisi wa huku hatuhitaji kuelezwa hiyo). Akawaambia watoe alama za vyama vyao na badala yake waweke kibao chenye herufi IHS, yaani jina la Yesu, ndani ya jua lenye miale ya dhahabu. Herufi hizo mpaka leo ziko usoni mwa jengo la serikali ya mji pale Siena. Wanasimulia kwamba mtengeneza karata mmoja alimlalamikia kua biashara yake imekufa, akajibiwa, wewe si unajua kuchora, chora hivi vibao! Ila wabaya wake wakamshitaki kua anawafundisha watu kuabudu kibao, ikabidi aende Roma mbele ya Papa Martin V, mwenzake Giovanni da Capistrano akamtetea, akatoka salama. Uaskofu walimpa mara tatu akaukataa mara zote tatu. Akafariki 20 Mei 1444 L'Aquila akiwa safarini kuelekea Naples, na 1450 akatangazwa mtakatifu.

Sasa lipo jengine na hili siliruki. Ulimi ule ule ulikua na moto mbaya. Benedetto kaandika pia pale Bernardino anaposimulia wanawake waliochomwa Roma kwa uchawi, anasimulia hana hata chembe ya huruma, tena anawahimiza watu wa Siena nao wawashitaki wachawi wao. Mayahudi vilevile aliwasema maneno ya chuki kwenye khutba zake. Fundi angekua na tabia ya hawa wetu wa dakika mbili angebakisha chura na mbwa na ile habari ya vyama, tungeletewa padri mchangamfu anaepatanisha watu, tukampenda, na tungekua tumedanganywa. Bibi nlimsomea kipande hicho cha Roma, akanyamaza kidogo akaniambia huyo hata kama kaweka pazia, mie simtaki.