Nilivyochomea kebo ya siriali ya printa ya mjomba

Mjomba wangu ana duka la vifaa vya ujenzi hapa Mtwara mjini na mpaka leo stoku yake anaiweka kwenye kompyuta ya kizamani ya 486 inayotumia DOS, ule mfumo wa kuchapa amri kwa maandishi. Msicheke. Programu aliandikiwa zamani na jamaa ambaye siku hizi hata simuni hapatikani, ila inapiga kazi, haijui virusi ni nini, na mzee anaichapa bila hata kuangalia kibodi. Shida ikaja pale tundu la printa, lile refu la LPT, lilipokufa usiku mmoja umeme umekatika ukarudi kwa fujo. Printa yenyewe nzima, Epson LX-300 ya utepe, inapiga kelele kama cherehani, na hawezi kuiacha maana inagonga risiti nakala tatu kwa mpigo, hizi za kurusha wino hazigongi karatasi kwahiyo kaboni haitoki.

Nikaangalia nyuma, kumbe LX-300 ina tundu la siriali pia (lile linalotuma data biti moja moja kwa waya mmoja), pini 25, na kompyuta ina COM1, tundu lake la siriali, la pini 9. Nikamwambia mjomba hiyo waya tu, nipe siku mbili. Ikawa wiki na ushee.

Kwanza nikataka ujanja, nikakata mkia wa mausi ya kizamani yenye plagi ya pini 9, nikapima na mita, pini ya 6 na ya 8 hazina waya kabisa, mausi haina shida nazo ila mimi nazitaka. Basi nikaagiza konekta za kuchomea kutoka Kariakoo, jike la 9 na dume la 25, zikaja na basi. Waya nikatumia kipande cha kebo ya netiweki kilichobaki kwenye kazi ya mtu, kina nyuzi nane, mimi sihitaji hata zote.

Sasa kila niliyemuuliza ananiambia siriali lazima ukrosi, 2 iende 3 na 3 iende 2. Nikakrosi. Na 6 na 8 za kompyuta nikazifunga na pini 4 ya hapohapo, ili DOS iamini printa ipo tayari, maana bila hivyo haitumi kitu. Nikawasha, kimya. Nikalaumu risasi yangu ya kuchomea nikachomea upya, kimya, nikachomea tena mpaka plastiki ya konekta ikaanza kulainika, kimya vilevile.

Siku ya nne ndo akili ikanijia, nikachomoa kebo, nikaweka mita kwenye volti za DC, waya mweusi kwenye grandi, yaani sifuri ya kupimia (5 upande wa kompyuta, 7 upande wa printa), nikagusa 2 na 3 tu. Kwenye RS-232, ndiyo kanuni ya siriali hii, waya wa kutuma ukiwa umetulia unakaa hasi, wa kupokea unasoma karibu na sifuri. Kompyuta: pini 3 ikasoma hasi 11 na pointi. Printa: iliyo hasi ni pini 2! Aisee. Yaani kwenye pini 9 mdomo (wa kutuma) ni 3 na sikio (la kupokea) ni 2, kwenye pini 25 imegeuzwa, mdomo 2 sikio 3, kwahiyo ukipeleka 3 kwa 3 na 2 kwa 2 tayari imeshakrosi yenyewe. Mimi nilikuwa nimeunga mdomo na mdomo.

Nikabadilisha, nikaandika amri ya DOS ya kuweka spidi, MODE COM1:9600,N,8,1,P halafu MODE LPT1:=COM1 ili programu iendelee kudhani inatuma LPT1, na kwenye printa spidi nikaweka hiyohiyo 9600. Risiti ikatoka! Mjomba akapiga makofi, mteja naye akapiga bila kujua anapigia nini.

Jioni akachapisha orodha nzima ya stoku, mwanzoni safi, kufika kati mistari ikaanza kulana, MISUMARI NCHI 4 ikawa MISUMARUJI. Hapo kosa langu nililijua palepale, ile 6 na 8 niliyoidanganya. Printa ikijaa inasema subiri kwa pini yake ya 20, na mimi nilikuwa nimeiziba kompyuta masikio. Nikakata kile kiunganisho, nikavuta waya mmoja kutoka 20 ya printa uende 6 na 8 za kompyuta zote mbili. Kurasa tisa, hakuna herufi iliyopotea.

Mjomba akachana karatasi, akavaa miwani, akasoma kimyaa, halafu akaniita, "We mpwa wangu, hapa juu mbona imeandika tarehe moja Januari 1980?"

Betri ya saa nayo imekufa. Nikamwekea DATE kwa mkono, kila asubuhi anaichapa mwenyewe.