Trekta Halikwenda kwa Kilo

Mnunuzi wa chuma chakavu alifika nyumbani na mizani yake ya kuning'iniza, akalizunguka trekta la marehemu baba pale chini ya mkwaju, akaligonga boneti kwa kiganja kama mtu anayechagua tikiti sokoni. "Mama, hili nalichukua lote, kwa kilo." Mama hakukataa wala hakukubali. Alimpa maji ya kunywa, akamuuliza habari za kwao, akamsindikiza hadi barabarani. Kisha akanipigia simu mjini: "Njoo na kaka yako. Lile trekta ama lilime mwaka huu, ama mje mliuze nyie wenyewe kwa mikono yenu. Mimi simo."

Ilikuwa Novemba 2016, mwaka ule serikali ilipotangaza kwamba sasa inahamia Dodoma kweli, na mjini kila kijiwe kilikuwa kinazungumza viwanja. Kijijini kwetu, upande wa Kongwa, mazungumzo yalikuwa mvua. Kwetu msimu ni mmoja tu: mvua huanza mwishoni mwa Novemba au Desemba, na ikifika Aprili imekwisha. Asiye na uwezo wa kulima huberega, yaani anapanda uwele wake kwenye ardhi isiyotifuliwa na kumwachia Mungu. Trekta la kukodi lilikuwa linatoka Kibaigwa, na mpaka zamu yako ifike unyevu ulishaondoka.

La kwetu ni Massey Ferguson 135, dogo, injini ya Perkins ya silinda tatu. Baba alilinunua likiwa limeshatumika, akalilimia mahindi na alizeti hadi alipougua. Tangu azikwe hakuna aliyeliwasha. Kuku walikuwa wanalala juu ya usukani, na nyigu wa udongo walishajenga ndani ya bomba la moshi.

Mama alikuwa ameshamwita mjomba, ambaye ujanani aliendesha matrekta kwenye ranchi. Alikuja na baiskeli, begi la spana limefungwa nyuma kwa mpira. "Mbukwenyi!" akatusalimu wote kwa pamoja, na kabla ya chai alikuwa ameshalala chali chini ya injini. Mjomba ana dharau fulani kwa mashine kubwa. Anapenda kukumbusha kwamba Waingereza walileta Kongwa matrekta ya kila aina mwaka 1947 kwa ajili ya ule mradi wa karanga, mengine yakiwa yameundwa kutokana na vifaru vya vita, na ilipofika 1951 mradi ukawa umekufa. Udongo wetu ukikauka haulimiki, na mvua haikufuata hesabu zao. "Hili dogo," alisema akigonga sampu, lile bakuli la oili chini ya injini, "limelima miaka mingi kuliko yale yote."

Jioni ile tulijaza maji kwenye rejeta, oili kwenye injini na dizeli kidogo kwenye tenki, halafu mjomba akakunjua boksi kubwa la katoni na kulitandika chini ya trekta lote, kuanzia mbele hadi kwenye gia. Kaka akauliza la nini. "Usiku litaandika lenyewe. Asubuhi tutasoma."

Na asubuhi tulisoma. Mbele kulikuwa na maji ya kutu, duara moja chini ya mpira wa rejeta na matone mengine chini ya kitundu cha pampu ya maji. Katikati kulikuwa na doa pana, jepesi, limesambaa kwenye karatasi na kuacha ukingo laini: dizeli, kutoka kwenye maungio ya vibomba vya kurudishia mafuta juu ya nozo, zile zinazopulizia dizeli ndani ya injini. Nyuma, pale injini inapokutana na kasha la klachi, kulikuwa na tone moja jeusi, zito, ambalo halikusambaa.

Mpira na pampu ya maji kaka alivifuata mjini, havikutupa shida. Washa za shaba, zile pete bapa za kuziba maungio ya vile vibomba, hatukuzipata za saizi yake, na hapo ndipo nilipojifunza jambo ambalo bado hunifurahisha. Mjomba aliomba jiko la mkaa la mama, akazipanga washa za zamani juu ya makaa mpaka zikawa nyekundu, akazidaka kwa koleo na kuzitumbukiza kwenye kikombe cha maji. Nikamwambia si zitakuwa ngumu zaidi, maana ndivyo wafua vyuma wanavyokaza majembe. Akanipa moja niibonyeze kwa ukucha. Ilikuwa imelainika. Chuma cha jembe ukikichoma na kukipoza ghafla kinakuwa kigumu, ila shaba iliyokazwa na kugandamizwa miaka mingi ukiichoma inarudi kuwa laini, na ukikaza nati inajaza tena kila mkwaruzo. Tulizifunga zilezile, na hazikuvuja tena.

Tone jeusi la nyuma aliliacha. Lilikuwa oili, na kubadilisha ile sili inayoizuia nyuma ya injini kunataka trekta likatwe katikati, injini upande huu na gia upande ule, na mbele ya mvua hakuna mwenye akili anayefanya kazi hiyo. "Mtaongeza oili," alisema, basi.

Siku ya kuwasha, majirani walijaa. Betri tuliitoa kwenye pikapu ya kaka. Akazungusha ufunguo, kimya. Akazungusha tena, kimya. Watu wakaanza kumpa pole mama. Mjomba akanyoosha mkono, akarudisha katikati kile kigia kifupi cha mwendo mkubwa na mdogo, maana kisipokuwa katikati stata ya trekta hili haipati umeme kabisa. Stata ikalia. Injini ikazunguka vizuri, lakini bomba la moshi, ambalo tulikuwa tumeshalizibua, halikutoa hata moshi mweupe.

"Dizeli haifiki," mjomba akasema.

Tukatoa hewa. Pembeni mwa injini kuna pampu ndogo ya kuvuta mafuta, ina kimkono cha kupampia. Mara ya kwanza kilikuwa kinalegea tu, hakivuti, mpaka tulipoizungusha injini kidogo ili kemu, kile kinundu cha ndani kinachoisukuma pampu, kiiachie. Unalegeza skrubu ya juu ya filta, unapampu, povu linatoka, unasubiri mpaka dizeli ije safi, unafunga. Kisha skrubu za pampu ya nozo. Kisha unalegeza nati za nozo huku mwenzako anapiga stata. Mikono yangu ilinuka dizeli mpaka kwenye ugali.

Liliwaka. Watoto walipiga kelele, mama akafunga khanga vizuri kiunoni, injini ikanguruma muda wa kutosha sisi kuanza kupongezana, kisha ikakohoa na kuzima. Tukatoa hewa tena, likawaka tena, likazima vilevile.

Hapa palitokea ubishi. Fundi mmoja aliyekuwa amekuja kutazama alisema pampu ya nozo imekufa, ifunguliwe akaipime, na akataja pesa ambayo ingenunua magunia ya mbegu. Kaka alikuwa tayari kukubali. Mjomba alikuwa anaangalia tenki. Pampu iliyokufa, alisema, haiwashi injini halafu ikaizima kwa mpangilio, hii inanyimwa. Lakini kutoka kwenye tenki hadi pampu ndogo hapakuwa na tone. Pakavu kabisa, hata vumbi halijashika.

Akamtuma kijana kwa fundi mwashi kuazima kipande cha ule mpira mweupe wa kupimia levo ya maji. Akakiunga kati ya koki ya tenki na pampu ndogo, akaniambia nikiangalie huku kaka anapiga stata. Dizeli ilipita, ya manjano. Kisha nikaona: viputo vidogo, vimefuatana, vinashuka kutoka kwenye koki.

Tulipoitoa koki, chujio lake la ndani lilikuwa limezibwa na tope la kutu na dizeli iliyoganda, jeusi, linavutika. Pampu ilikuwa inanyonya kwa nguvu mahali pasipopitisha, na kwa kuwa mafuta hayakuja, ikanyonya hewa kwenye shina la koki lililochakaa. Ndiyo maana hapakuwa na tone nje: cha kutoka kilizuiwa na tope, hewa ikabaki inaingia. Tulikuwa tumehangaika na kila palipolowa, na palipolizimisha trekta pakawa ndipo pakavu kuliko pote. Fundi wa pampu alikuwa ameshaondoka, na kusema kweli sikumtafuta.

Tuliosha tenki, tukafunga koki mpya, tukatoa hewa kwa mara ya mwisho. Safari hii liliwaka na kukaa limewaka, moshi mweupe ukageuka wa kijivu kisha ukapotea. Mjomba alikataa kulizima. Alikula chakula chake cha mchana amekaa pembeni ya tairi, anasikiliza.

Mvua ya kwanza ilinyesha usiku wa wiki iliyofuata. Alfajiri kaka alikuta watu wamekaa kwenye benchi la mama, kila mmoja na heka zake. Mama alikuwa na daftari la shule. Mstari wa kwanza aliandika jina lake mwenyewe. Mjomba akadai wa pili, na heka mbili bila malipo, akaandikwa. Jirani wa tatu akauliza bei.

"Dizeli unakuja nayo mwenyewe," mama akamjibu, kalamu imeshaanza kuandika jina lake. "Na lita moja ya oili. Hili linavuja nyuma."