Pango Lisilo na Paa: Welchman Hall Gully, Barbados

Wengi huingia korongo hili la St. Thomas, wilaya ya kisiwa cha Barbados huko Karibiani, mbiombio, wakiwatafuta tumbili. Tumbili watakuja tu. Anza na kuta. Barbados sehemu kubwa ni mawe ya matumbawe, na maji ya mvua yenye asidi kidogo huyala taratibu mpaka yakafanyika mapango. Hapa dari lilidondoka, likabaki korongo. Ushahidi bado umesimama njiani: nguzo nene, upana wake wapita mita moja, iliyojengwa na matone yenye chokaa, nusu ikishuka kutoka juu na nusu ikipanda kutoka chini hadi zikakutana. Usiiguse, mafuta ya vidole huziba jiwe.

Msitu nao ulinusurika kwa sababu ya mteremko tu. Tangu miaka ya 1640 miwa ilimeza karibu kila ardhi ya kulimika, ila ukingo wa korongo haulimiki. Baadaye wenye shamba walipanda matunda na viungo. Chini ya mkungumanga angalia matunda yaliyopasuka: ile nyavu nyekundu juu ya mbegu ndiyo basibasi, ileile ya Unguja. Miti ya jamii ya mkuyu yenye mizizi inayoning'inia kama ndevu ni ya asili ya kisiwa.

Njia ni kama kilomita moja, ila tenga saa nzima. Ndala hazifai: jiwe lenye ukungu huteleza hata siku kavu. Ukiteleza usidake shina la kwanza unaloliona, maana kuna mnazi mwitu wenye miiba mirefu shina zima. Juni hadi Novemba mvua ni nyingi. Ikinyesha kubwa, ahirisha, kwani makorongo ndiyo mifereji ya kisiwa. Dawa ya mbu ni lazima.

Tumbili waliletwa kutoka Afrika Magharibi enzi za meli za watumwa. Funga mkoba, usiwape chakula. Aliyezoea kulishwa hupora.

Na yule konokono mkubwa wa kahawia ni wa kwetu hasa, Afrika Mashariki. Alionekana Barbados mwaka 2000, na sasa hushambulia mimea kotekote. Hubeba minyoo inayoweza kuleta homa ya uti wa mgongo, kwa hiyo asishikwe kwa mkono mtupu, hasa na watoto. Kabla ya kuondoka kung'uta matope kwenye soli: mayai yake husafiri humo.