Mbu amepanda mlima: siku yangu moja labo (maabara), Kadutu

Saa kumi na moja alfajiri

Mvua ilianza saa nane usiku na mpaka sasa haijakatika. Mvua ya Aprili ikipiga mabati, mtu wa Kadutu, huku kwetu Bukavu, mashariki mwa Kongo, halali fofofo. Nyumba zetu zimepandana mteremkoni, na udongo ukishashiba maji hushuka na kila kilicho juu yake. Tangu Mei 2023, mafuriko yalipozoa Bushushu na Nyamukubi kule Kalehe na kuua watu zaidi ya 400, mvua kubwa mimi huisikiliza nikiwa nimeketi.

Nimepapasa mustikere ya watoto (ndiyo chandarua, kwa ninyi mnaosoma kutoka Tanzania na Kenya) kuhakikisha bado imechomekwa chini ya godoro. Kisha nimetoka na tochi kufunika mabidoni, yaani madumu ya maji. Maji ya bomba hayajafika kwetu siku ya nne leo, kwa hiyo kila nyumba inakinga ya mvua. Nafunika kwa kitambaa na kufunga kamba. Yupo mbu apendaye hasa maji hayo safi ya nyumbani: Aedes, mwenye mabaka meupe miguuni, anayeuma mchana, anayebeba dengi, chikungunya na homa ya manjano. Mwaka 2019 chikungunya ilisumbua watu Kinshasa na Kongo Central. Kufunika bidoni hakunigharimu kitu, nami sitaki kungoja ugonjwa ufike ndipo nijifunze.

Saa kumi na mbili na nusu

Nateremka kwa miguu, maana siku ya matope moto (pikipiki za abiria) hupandisha bei. Sokoni wamama wamekwisha kutandaza sambaza, samaki wadogo wa ziwani. "Asinge, Mama Labo!" Nimekuwa na jina hilo miaka kumi na saba, hata wanaonijua tangu utoto wameniacha na hilo.

Saa moja na nusu

Labo yetu ni chumba kimoja chenye meza mbili, hadubini moja na dirisha dogo. Kabla sijavua koti nasoma kipimajoto ukutani na kuandika kwenye karatasi, kwa sababu vipimo vya haraka vya malaria, vile tunavyoviita TDR, havitakiwi kukaa kwenye joto kali. Leo asubuhi: nyuzi 19.

Kwa vipimo vyenyewe namba hiyo haina shida yoyote. Bukavu iko mita kama 1,500 juu ya bahari, hatujui joto la kuharibu TDR. Lakini miaka ya karibuni naitazama namba ile kwa sababu nyingine, na hapa naomba mnivumilie kidogo, kwa kuwa bila hesabu hii hamtaelewa kwa nini siku zangu zimebadilika.

Mbu hamwambukizi mtu malaria mara tu anapomwuma mgonjwa. Kijidudu, Plasmodium falciparum, lazima kwanza kikomae tumboni mwa mbu, kizaliane, kisafiri mpaka kwenye mate yake. Ronald Ross alikiona kijidudu cha malaria ndani ya mbu mwaka 1897 kule India. Baadaye Detinova, mtaalamu wa wadudu wa Urusi ya Kisovieti, akaandika mwaka 1962 hesabu ambayo hata mtoto wa shule anaiweza: chukua joto, toa 16, kisha 111 igawe kwa kilichobaki. Jibu ni siku ambazo kijidudu kinahitaji.

Hewa ikiwa nyuzi 18, ni siku 55 na nusu. Nyuzi 20, siku 28. Nyuzi 22, siku 18 na nusu. Nyuzi 25, siku 12.

Sasa kumbukeni kwamba mbu jike mara nyingi hamalizi mwezi. Kwenye nyuzi 18 anazeeka na kufa kijidudu hakijaiva. Kwenye 20 wanafika wachache walioishi sana. Kwenye 22 wanafika wengi. Nyuzi mbili kwa mtu wa Kinshasa ni kubadilisha shati. Kwetu sisi, ambao wastani wetu uko karibu na 19 na 20, ndizo zilizokuwa ukuta kati yetu na ugonjwa. Shirika la Hali ya Hewa Duniani linasema 2024 ulikuwa mwaka wa joto kuliko yote iliyowahi kupimwa, karibu nyuzi 1.55 juu ya wakati wa nyuma wa 1850 hadi 1900. Mtu akisoma habari hiyo anaona nukta na desimali. Mimi naona siku zinazopungua tumboni mwa mbu.

Saa tatu

Foleni imefika nje. Watoto wengi, kama kawaida ya mvua. Natoboa kidole, naweka tone kwenye TDR, nangoja dakika zangu, naandika. Wanaotoka na jibu "hakuna" wengine wanakasirika, hasa wamama waliokwisha kununua dawa njiani. Naeleza kila mara: homa si lazima iwe palu, yaani malaria. Kumpa mtoto mwenye nimonia dawa ya malaria ni kumpotezea siku ambazo hana.

Saa nne na robo

Huyu ndiye aliyenifanya niandike leo.

Ameingia muzee, ameshikwa mkono na binti yake anayekaa Cimpunda. Amevaa makoti mawili na bado anatetemeka. Wameshuka jana kutoka kijijini kwao, juu kabisa upande wa Walungu. Nimempima, mistari miwili ikatokea.

"Muzee, ni malaria."

Alinitazama kama niliyemtukana. "Binti yangu, pima tena. Malaria ni ya watu wa Uvira. Mimi sijakanyaga bondeni tangu mwaka jana."

Sikubishana naye, kwa sababu hata mimi nilikua nikiamini hivyo. Zamani mtu akipata homa hapa swali la kwanza lilikuwa: ulishuka Kamanyola? Ulilala Uvira? Uwanda wa Ruzizi ndio uliokuwa na joto, ndio uliokuwa na mbu. Sisi wa milimani malaria tulikuwa tunairudisha nyumbani na mizigo ya safari. Na hilo lina ubaya wake: mtu wa bondeni ameumwa na mbu tangu utotoni, mwili wake umejifunza kupambana kiasi. Mtu wa mlimani mwili wake haujui kitu. Ndiyo maana ugonjwa ukipanda huku hauchagui watoto peke yao, unawaangusha na wazee wenye nguvu zao.

Nikamtengenezea gutepesi, tone nene la damu kwenye kioo, likauke, lipakwe rangi ya Giemsa. Nilitaka kujua vijidudu ni vingapi. Nilihesabu 312 kwa chembe nyeupe 200 za damu, yaani kama 12,500 katika kila tone dogo la mikrolita moja. Kisha nikafanya jambo ambalo silifanyi kila siku: nikamwita aje atazame mwenyewe.

Aliinama kwenye hadubini muda mrefu. Nilikuwa nimemwekea na kioo cha pili, chenye damu iliyotandazwa nyembamba, mahali ambapo kijidudu kinaonekana ndani ya chembe ya damu kama pete ndogo yenye jiwe.

"Ni hivi tu?" akauliza.

"Ni hivi, muzee."

Ndipo akatuambia kwamba ujana wake ulipita kwenye mashamba ya kinkina, akichuna maganda ya mti yanayotengenezwa kwinini. Miti hiyo hupenda milima yetu, na kiwanda cha Pharmakina kiko hapahapa Bukavu. "Tulikuwa tunasema ni dawa ya watu wa chini," alisema. Hakuongeza neno. Binti yake alimfunga vifungo vya koti.

Saa sita mchana

Amemeza dozi ya kwanza ya artemether na lumefantrine mbele yetu, na kipande cha avoka kwanza, maana dawa hii inahitaji chakula chenye mafuta ili ishike. Ya pili saa mbili usiku bila kukosa, kisha asubuhi na jioni siku mbili zaidi. Nimemwambia binti: akitapika ndani ya nusu saa, rudia. Akianza kuongea maneno yasiyoeleweka, au mkojo ukiwa mweusi, usingoje kupambazuke.

Saa nane

Bugali na sombe pamoja na mwenzangu muuguzi. Tumebishana. Yeye anasema tukisingizia hali ya hewa kila kitu, wakubwa watapata pa kujificha: mustikere hazitoshi, dawa zinachelewa njiani, watu wanakimbia vita kutoka sehemu zenye malaria nyingi na kulala kumi chumba kimoja. Nchi yetu ni ya pili duniani kwa wagonjwa wa malaria, baada ya Nijeria, na haikufika hapo kwa joto peke yake.

Ana haki. Lakini nilimuuliza muzee asubuhi kuna nini karibu na nyumba yake. Akasema bonde lilikuwa na mafunjo, wameyafyeka wakalima, na pembeni wamechimba udongo wa matofali. Kule Kabale, kusini-magharibi mwa Uganda, watafiti walipima vijiji vya namna hiyo. Vilivyo kando ya mabonde yaliyofyekwa na kulimwa vilikuwa na joto kuliko vilivyobaki na mafunjo yake. Kivuli kinaondoka, maji yanapata jua, na Anopheles gambiae anapenda vidimbwi vya jua. Kwa hiyo mkono wa mwanadamu wa mbali, anayeipasha dunia joto, na wa yule wa jirani, anayefyeka na kuchimba, inakutana kwenye shimo lilelile la matofali. Joto la mbali hatuna nguvu nalo leo. Shimo la jirani tunaweza kulifukia Jumamosi.

Saa kumi

Nimezunguka kidogo na reko wetu, yule wa kujitolea anayepita nyumba kwa nyumba. Mtaro mmoja umezibwa na taka, tumeuacha vijana wakizibua. Mama mmoja mustikere yake imefunika mboga. Nilitaka kumkaripia, nikaona chumba: watu saba, mikeka, hakuna hata msumari wa kufungia kamba. Reko amekwenda kuazima nyundo.

Saa kumi na mbili jioni

Kipimajoto: nyuzi 22. Nimeandika.

Saa mbili usiku

Nimempigia binti wa muzee. Amekwisha kumeza, hajatapika, ameomba uji. Kisha muzee mwenyewe akachukua simu. Sauti bado nyembamba.

"Mama Labo, kule juu nimeacha watu. Je, mustikere moja inatosha wangapi?"

"Wawili, muzee. Watatu kama ni watoto wadogo."

Akanyamaza. Nikamsikia anahesabu majina polepole, kwa Mashi, lugha ya kwao, na kila baada ya majina mawili anasimama.